Mwongozo wa Kuandika Programu Pamoja Bila Kukosana Mitunguu

Tuseme vijana wanne wa hapa kwetu Mitunguu wanaandika programu ya kumjulisha mkulima bei ya mkungu wa ndizi kabla lori la mnunuzi halijaingia sokoni. Wazo ni zuri. Adui wao mkubwa ni faili liitwalo "mwisho", pamoja na wadogo zake "mwisho kabisa" na "mwisho wa kweli msiguse". Vijana, fanyeni hivi.

1. Msirushiane msimbo kwa flashi wala WhatsApp. Uwekeni katika ghala moja la Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, pale watengenezaji wa Linux waliponyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, zana waliyokuwa wakiitumia kwa kazi hiyo. Kila mmoja hubaki na nakala yenye historia nzima. Bando likiisha, endelea kuhifadhi kazi kwenye kompyuta yako, utaituma likipatikana.

2. Liheshimuni tawi kuu, yaani toleo la msimbo ambalo wote wanalitegemea. Mkulima wa mradi wetu wa umwagiliaji hajaribu kiungo kipya kwenye bomba kuu, maana mashamba ya jirani yatakosa maji. Nawe fungua tawi lako la pembeni, jaribu humo, na kazi ikikubali ndipo uliunganishe na tawi kuu.

3. Andika ujumbe wenye maana kila unapohifadhi. "Nimerekebisha" haimwambii mtu kitu. "Ombi la bei liliingia mara mbili mkulima akibonyeza mara mbili, nimezuia" itamwokolea mwenzako usiku mzima.

4. Mwenzako asome kabla ya kuunganisha. Anakagua msimbo, hakagui ukoo wako, kwa hiyo usinune. Na aliye mkubwa kwa umri akaguliwe vilevile. Kosa halisalimii wazee.

5. Nywila na funguo za M-Pesa zisiingie ghalani kamwe. Ukizifuta leo, historia bado inazo. Zikishaponyoka, ombeni mpya siku hiyohiyo na mzime za zamani.

6. Andikeni maelezo ya namna ya kuiwasha programu, kisha chagueni leseni inayowaruhusu wengine kuutumia na kuurekebisha msimbo wenu. Ushahidi, programu ya kuweka ripoti za wananchi kwenye ramani, ilizaliwa Kenya mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, na msimbo wake ukawa wazi. Mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006 chini ya mpango wa afya wa AMPATH, umeenea nchi nyingi kwa sababu wageni wanaweza kuusoma, kuurekebisha na kurudisha marekebisho yao.

Mmoja wenu atapata kazi Nairobi, mwingine ataolewa Embu, na mkulima bado atataka kujua bei. Basi fungueni ghala leo, kabla ya kuandika mstari wa pili. Programu ambayo mtu asiyewajua hawezi kuiendeleza bado haijakamilika.