Kamera Iliyolishwa Mafuta

Kamera ya Tata imenifunulia jambo moja: ukoo wetu hauna mafundi, una wapaka mafuta. Nasema Tata makusudi. Kwa Ekegusii, tata ndiye baba, na baba ndiye mama, kwa hiyo nikiandika "kamera ya baba" huku Nyamira nitaanzisha kesi ya urithi.

Ni Pentax K1000, kamera ambayo Wajapani walianza kuiuza 1976 na ikaendelea kutengenezwa hadi 1997. Haina mbwembwe. Betri yake ni ya kuamsha sindano ya kupimia mwanga tu, mengine yote ni chuma, springi na gia. Tata aliipigia picha za harusi na Krismasi kutoka Kebirigo hadi Kisii mjini, kisha akaistaafisha kwenye sanduku la mbao, pamoja na stakabadhi zake za majani chai. Humo ikakaa miaka ishirini, katika unyevu wetu huu unaootesha ukungu hata kwenye mkanda wa suruali.

Nilipoitoa, pete ya kulenga ilikuwa imekaza kama makanga aliyeshika chenji yako. Kosa langu lilikuwa kulalamika mbele ya watu.

"Tia mafuta," akasema baba mdogo.

Baba mdogo hutibu kila kitu kwa mafuta: bawaba, cherehani, goti lake. Akaleta ya kupikia, akachovya unyoya wa kuku, akapaka pete kote. Ikazunguka! Tukapeana mikono kama waliotia saini mkataba. Siku ya tatu ikagoma kuliko mwanzo, na juu ya hayo ikanuka chapati.

Nikaipeleka kwa kijana anayetengeneza pikipiki pale stejini. Akatoa kopo la kupuliza, akaniambia hiyo dawa hulegeza hata nati ya injini iliyoshika kutu. Akapuliza mpaka kamera ikatoka jasho. Pete ikalegea kweli, lakini mafuta yakatambaa ndani hadi kwenye vile vibati vyembamba vinavyofungua na kufunga tundu la lenzi, vikagandamana kama kurasa za daftari lililonyeshewa. Nilikuja na ugonjwa mmoja, nikaondoka na miwili, na nikalipa.

Shemeji yangu alipotokea na koleo, nikaficha kamera chini ya kitanda.

Mwisho nikapanda matatu hadi Keroka. Pale kuna fundi wa saa ambaye meza yake iko Kisii au iko Nyamira, kulingana na kaunti inayokuja kudai ushuru siku hiyo. Akavaa kioo chake cha jichoni, akaigeuza lenzi, akainusa.

"Mwalimu, ulikuwa unakaangia nini humu?"

Nikamsingizia baba mdogo, na mara hii nilikuwa nasema kweli. Fundi akatikisa kichwa. Grisi, akanieleza, ni mafuta yaliyochanganywa na kitu cha jamii ya sabuni. Miaka ikipita, mafuta hutoroka na sabuni hubaki ikawa gundi. Nyinyi mnakuja kumimina mafuta mapya juu ya gundi ya zamani.

"Kitu kikikwama mnadhani kina njaa," akasema. "Ni kichafu tu."

Akafungua skrubu ndogo kama mbegu za chinsaga, akaanza kuizungusha pete itoke, polepole, pumzi ameibana. Pale pale meno ya pete yalipoachana akasimama, akakwaruza mstari kwa sindano, huku na huku. Meno hayo yana milango kadhaa ya kuingilia, na ulio sawa ni mmoja. Ukirudishia kwa mwingine, pete itazunguka vizuri kabisa, ila milima ya Manga itatoka na ukungu hata siku ya jua kali.

Akaosha kwa petroli na mswaki, petroli ikatoka kahawia kama sturungi. Vile vibati akavisafisha mpaka vikawa vikavu kabisa, kwa sababu vyenyewe havitaki mafuta hata ya kunusa. Ndipo akachukua kijiti cha kuchokolea meno, akachota grisi mpya, kiasi cha punje ya wimbi, akaitandaza kwenye meno. Basi. Saa nzima ya kuondoa mafuta, nusu dakika ya kutia.

Sasa pete inazunguka kwa kidole kimoja. Jumapili nikamweka baba mdogo chini ya mgomba ili awe wa kwanza kupigwa picha.

"Huyo fundi alifanya nini?"

"Aliosha, akasugua, akakausha, kisha akatia grisi kidogo."

"Kumbe mafuta."

"Kidogo sana, baba mdogo. Kama punje ya..."

"Mafuta," akasema, akiweka kofia sawa. "Na unyoya wangu uko wapi?"