Jinsi ya Kuwachanganya Askari wa Mwili, Biashara Street

Anza alasiri, ukishapanda na kushuka Biashara Street ukipapasa doti za leso na kusoma majina yake bila kununua hata moja. Njaa ikikushika, usiende nyumbani. Tafuta muuza viazi karai mwenye mafuta meusi kuliko wote. Ukiona bado yanang'aa, pita, hayo hayajakomaa.

Utaalamu uko hapo. Mafuta mengi ya kupikia nchini Kenya hutokana na mawese, na yapata asilimia 44 ya asidi za mafuta zilizomo kwenye mawese ni asidi palmitiki. Maabara zimeonyesha kuwa asidi hii ikizidi huwachokoza makrofaji, askari walafi wanaomeza vijidudu, hata wapige mbiu ya vita na adui hayupo. Na mafuta yakikaangiwa tena na tena huungana na oksijeni yakazaa kemikali za kudhuru seli. Kwa hiyo muuzaji akitaka kuyamwaga, msihi: “Ami, yaache hayo, ndiyo yenye utamu!”

Kuna habari moja ya kutuharibia shughuli. Seli T, kikosi kingine cha askari hao, zikiwa vitani hutafuna sukari kwa pupa. Zile zinazobaki baadaye kumkumbuka adui hutegemea zaidi kuunguza mafuta. Yaani mafuta mwili unayahitaji. Usimwambie mtu.

Lile soko la samaki karibu na Bandari ya Kale lipitie mbali. Vibua na dagaa wana omega-3, ambazo mwili huzigeuza kuwa resolvini, na kazi ya resolvini ni kuzima uvimbe uliokwisha kazi na kuwarudisha askari kambini. Tena dagaa ni rahisi, jambo linaloudhi zaidi.

Kisha keti, ufuge kitambi. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliwakuta makrofaji wamejazana ndani ya mafuta ya panya wanene, na ya watu wanene pia. Wape makao.

Usiku kichwa kikigonga, meza aspirini. Mwingereza John Vane alishiriki Tuzo ya Nobel ya 1982 kwa kuonyesha kwamba dawa hiyo huzuia prostaglandini, vichochezi vya maumivu na uvimbe ambavyo mwili huvitengeneza kwa asidi za mafuta zilizo kwenye utando wa seli. Bi mkubwa akiuliza umekula nini, sema ni huu upepo wa kusi, halafu umuulize kama kiazi kimoja alichokikuta mfukoni mwako amekila.