Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Intaneti: Naomba Mkokoteni

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,
Kampuni ya Intaneti ya Majumbani (jina nimelihifadhi, mwenyewe unajijua),
Mombasa.

MINT: KUZIMA NA KUWASHA RAUTA

Nakuandikia kutoka Mji wa Kale. Barua hii nimeituma kwa mkono, kwa sababu unazozijua wewe kuliko mimi.

Kwanza, shukrani. Kwa hisani ya kampuni yako nimepata ujuzi ambao sikuuomba: nazima rauta, nahesabu mpaka thelathini, nawasha. Siku hizi naifanya kazi hiyo gizani bila kupapasa. Kila jioni, magharibi ikishaswaliwa na mtaa ukirudi nyumbani, mtandao wako nao hutuaga. Napiga huduma kwa wateja, napigiwa muziki mpaka sikio linapata joto, kisha sauti tamu inaniuliza: "Mzee, umejaribu kuzima na kuwasha?" Nikijibu kwamba nimeshafanya hivyo, naombwa nirudie tukiwa pamoja kwenye simu, kana kwamba rauta itaona haya mbele ya mgeni. Taa zinazimika, zinarudi moja moja, zote kijani. Ile nyekundu ya kuonyesha kwamba faiba imekatika haijitokezi hata kwa bahati mbaya. Mtandao uko pale pale ulipokwama.

"Basi tatizo liko kwako, mzee. Labda wifi haipenyi kuta."

Ni kweli, kuta zangu ni za mawe ya matumbawe, zilijengwa na watu waliojua kujenga. Ndiyo maana nilinunua waya, nikachomeka kompyuta moja kwa moja kwenye rauta yenu, hapana ukuta hapana wifi. Nikamwambia hivyo. Kimya. Kisha: "Sawa, nimekuandikia namba ya malalamiko. Fundi atakupigia." Namba ninayo. Fundi bado ananitafuta, maskini, na mimi sijahama.

Mheshimiwa, ungekuwa unauza intaneti kwenye kisiwa kilichosahauliwa na ramani, ningenyamaza. Lakini hapa Mombasa ndipo intaneti ya nchi hii inapopandia nchi kavu. Mwaka 2009 waya wa TEAMS ulivutwa kutoka Fujairah, kama kilomita 5,000 chini ya bahari, ukaibukia kwetu. SEACOM ukafika mwaka huo huo. EASSy ukafuata 2010, LION2 ukatia nanga Nyali 2012, na PEACE ukaja 2022. Watu wa Kampala na Kigali hutumia intaneti iliyopita mlangoni petu. Dada yangu anaishi Sharjah, si mbali na Fujairah. Nuru ndani ya kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo sauti yake ikipita TEAMS huvuka bahari kwa sehemu moja ya arubaini ya sekunde, kabla hajapepesa kope. Ikishafika Mombasa, imebakiza kilomita chache tu kunifikia mimi, hapo ndipo inaposhindwa. Uso wake unaganda mdomo wazi. Nimeshazoea kuagana na meno yake.

Siku bahari inapokosea, tunaelewa. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, Afrika Mashariki nzima ilisuasua, na mimi sikukupigia simu. Lakini papa wa bahari gani huyu anayekata waya saa moja usiku, akauunga saa tano, kila siku, na Jumapili akaongeza bidii?

Wala uzi wenyewe wa faiba hauna hatia. Ule unaotumika sana majumbani huteremsha kama Gbps 2.5, ukagawiwa nyumba 32, au 64 pakibanwa sana. Gawa 2.5 kwa 64: kila nyumba inabaki na karibu Mbps 39, hata mtaa mzima tukiwa macho na kila nyumba inatazama mpira. Mimi nalipia 40. Ningepata hizo 39 ningekuletea halua mimi mwenyewe. Jioni napata 2, zikiwa na furaha.

Kwa hivyo bahari imeachiliwa huru, kioo kimeachiliwa, na kuta za marehemu babu zimeachiliwa. Mshtakiwa aliyebaki ni ile njia ya kututoa sisi sote mtaani kwenda duniani, ambayo mnainunua kwa kipimo, na mmenunua kidogo mkauza kwa wengi. Na mnajua! Mna mitambo inayowachorea kila jioni mstari unaogonga dari na kulala hapo mpaka watu walale. Mnautazama mstari huo, mnaongeza wateja wengine, kisha mnamweka binti wa watu kwenye simu apokee matusi kwa niaba yenu na kutuambia tuzime tuwashe. Mnatufanya wajinga majumbani mwetu, kwa pesa zetu, mbele ya watoto wetu.

Niwie radhi, Mheshimiwa. Kalamu iliteleza. Nilikuja kuomba.

Naomba mkokoteni.

Unafahamu jinsi sisi wa Mombasa tulivyoyamaliza ya maji. Mifereji ilipokauka hatukuambiwa tuifunge na kuifungua tena. Tulimwita hamali, akaja na mkokoteni wa madumu, tukateka, tukalipa, tukapika. Naomba kampuni yako ituletee intaneti kwa utaratibu huo huo. Hamali ataondoka Nyali baada ya alasiri, mkokoteni umejaa, ateremke daraja la Nyali akipiga mluzi, aingie Mji wa Kale watu wakitoka msikitini. "Mtandao! Mtandao wa leo!" Dumu la manjano liwe la habari, la buluu la filamu, jeupe la masomo ya watoto. Mke wangu atatoka na kanga begani, aangalie dumu kama limejaa hadi shingoni, akatae la kwanza, abishane bei kidogo kwa ajili ya heshima, achukue mawili. Dumu likivuja tutaliona linavuja. Hamali hatamwambia akatikise pipa lake la ndani.

Usicheke, kuna mfano. Septemba 2009, huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, njiwa aitwaye Winston alifungwa mguuni kadi ya GB 4 akarushwa kutoka Howick kuelekea Durban, kama kilomita 80. Kuruka na kunakili vyote vilichukua saa mbili na dakika chache. Kwa muda huo laini ya intaneti ilikuwa imepeleka asilimia 4 ya mzigo huo huo. Na yule alikuwa njiwa. Mimi nakuletea mtu mzima mwenye mkokoteni.

Nimekupigia na hesabu. Hamali akitia flashi moja ya GB 64 kwenye mfuko wa shati, akanifikia kwa saa mbili, amenipa wastani wa Mbps 71. Akikutana na rafiki yake njiani, wakakaa barazani kwa kahawa chungu na kashata, wakajadili siasa, akafika baada ya saa tatu, bado ni Mbps 47, zaidi ya kifurushi ninachokulipa. Na hapo mkokoteni wenyewe ni mtupu! Tukiupakia diski kumi za TB 2, tukazifunika turubai kwa hofu ya mvua, hiyo ni kasi ya Gbps 22 kwa saa mbili, karibu mara tisa ya uzi wenu mzima. Nakiri maongezi yatachelewa. Nitamwambia dada asalamu aleikum leo, aitikie kesho kutwa. Lakini salamu itafika nzima, ina mwanzo na mwisho, na mdomo umefungwa.

Kuna sifa moja ya hamali ambayo nataka uifikirie ukiwa peke yako. Hamali hawezi kuniuzia dumu, kisha akamuuzia jirani yangu dumu lile lile, na jirani wa jirani, halafu akatuambia sote tatizo liko kwenye mapipa yetu. Mtaa ungemjua kabla ya isha.

Maombi mengine ni madogo. Muziki wa kusubiria simu ubadilishwe. Taarabu zimejaa tele. Ujumbe wa kunikumbusha bili upewe nyota ya ushujaa, kwani haujawahi kukwama. Ule wa kuniuliza kama ningewapendekezea ndugu na marafiki usije wakati bado niko kwenye foleni ya malalamiko. Mkitaka kunipongeza tena kwa kunipandishia kasi bila malipo, nipongezeni saa mbili usiku, nione kama pongezi zitafunguka. Na fundi akiwa hayuko njiani, asiseme yuko njiani.

Ukiona mkokoteni ni gharama, kuna njia ya bei nafuu. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mnunuzi haki ya huduma yenye ubora unaofaa, haki ya taarifa za kumwezesha kufaidi anachonunua, na haki ya kufidiwa kwa hasara itokanayo na kasoro. Basi tangazeni kila mwezi kasi halisi mliyotupa kati ya saa moja na saa tano usiku, mtaa kwa mtaa, si ile ya alfajiri ambapo wanaotumia ni mimi na popo. Usiku mliposhindwa, kateni bili bila kuombwa. Na msiongeze mteja mtaani kabla hamjaongeza njia. Hayo hayahitaji waya mpya baharini. Yanahitaji aibu kidogo.

Wako mtiifu, mwenye kidole kwenye swichi,

Mteja wa Mji wa Kale.

Nakala kwa: wateja wote wanaosoma barua hii. Leo usiku msizime rauta. Pigeni simu, waulizeni wamenunua njia kiasi gani kwa mtaa wenu na wameiuza kwa nyumba ngapi. Mkiambiwa mzime na kuwasha, rudieni swali.