Na Kadhalika

Neno ghali kuliko yote katika mkataba wa chumba baridi, iwe Meru au Embu, ni "na kadhalika". Mwenye maparachichi huandika: "Kufunga mtambo, na kadhalika." Fundi hufunga mtambo, akakunja ngazi.

Umeme wa fezi tatu? Uko kwenye na kadhalika. Bomba la kutoa maji? Na kadhalika. Kujaza gesi, kuziba tundu la ukutani, kuwasha kwa majaribio? Na kadhalika, bosi.

Basi Julai, Mlima Kenya unapoza mji mzima bure, isipokuwa chumba ulicholipia. Parachichi la Hass lataka nyuzi 5 hivi. Halisomi mkataba, linaiva tu.

Orodhesha kila kazi na mlipaji wake. Usipoorodhesha, nunua vitunguu: kachumbari inakungoja.