Stelingi Aliyeshindwa

Kuna mambo matatu ambayo mtu mwenye akili timamu hayajadili akiwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi: siasa, Simba na Yanga, na filamu ipi ya Rocky ni bora kuliko zote. Hili la tatu watu hulidharau, wakaja kujuta.

Kinyozi wangu ni muumini wa ya nne. Siku aliyogundua kwamba mimi ni mtu wa ya kwanza alizima mashine, akazungusha kiti ili tutazamane, akaniomba nirudie nilichosema. Nikarudia. Basi akaweka mashine mezani na kuanza kunionyesha ngumi ya Ivan Drago, yule adui wa ya nne, inavyotoka: inaanzia kisigino, inapanda kiunoni, inamalizikia begani. Waliokuwa kwenye benchi wakisubiri zamu wakaingilia. Mmoja alikuwa wa ya tatu, kwa sababu ya Mr. T na zile nywele zake. Mwingine, kijana wa juzi, akasema yeye zote za Rocky hazijui, anaijua Creed tu, na nusura afukuzwe. Katikati ya ubishi umeme ukakatika. Upande wangu wa kulia ulikuwa kipara, wa kushoto ulikuwa na nywele za tangu Idi. Tulisubiri mpaka giza likaingia. "Braza," kinyozi aliniambia kwa huruma, "si ungekubali tu ya nne, saa hizi tungekuwa tumemaliza." Nilirudi nyumbani nimevaa kofia ya kuazima, ya kampeni, ya chama ambacho sijawahi kukipigia kura, na njiani nilipungiwa mikono na watu nisiowajua.

Ndiyo maana hoja zangu naziandika hapa, mahali ambapo hakuna mtu aliyeshika mashine ya kunyolea.

Filamu zenyewe ni tisa. Sita za Rocky, kuanzia 1976 hadi 2006, na tatu za Creed, za 2015, 2018 na 2023. Kwanza nimtendee haki kinyozi. Rocky IV, ya 1985, ni filamu ya kuangaliwa na watu wengi kwa pamoja. Ina kama dakika tisini tu, na sehemu kubwa ya hizo ni muziki na mazoezi; unaweza kutoka ukanunue karanga, ukarudi, na usiwe umepitwa na neno lolote la maana. Apollo Creed, bondia rafiki wa Rocky, anauawa ulingoni Las Vegas na Drago, Mrusi aliyeigizwa na Dolph Lundgren, muda mfupi baada ya James Brown mwenyewe kumwimbia. Rocky anakwenda Moscow kulipiza, siku ya Krismasi. Hakuna jambo hapo linalohitaji mtafsiri. Hata ngumi zilikuwa na ukweli fulani: Stallone, anayeigiza Rocky, amesimulia kwamba alimtaka Lundgren, aliyewahi kuwa bingwa wa karate, ampige kwelikweli mbele ya kamera. Lundgren akatii, na Stallone akaishia chumba cha wagonjwa mahututi.

Ugomvi wangu na ya nne ni yale mazoezi. Drago anakimbia juu ya mashine, kompyuta zinapima ngumi zake, madaktari wanamchoma sindano. Rocky yuko kwenye theluji: anapasua kuni, anabeba magogo begani, anavuta mzigo, ananyanyua mawe. Waliotengeneza filamu walitaka tushangae jinsi mtu anavyoteseka. Kwenye banda la video la mtaani kwetu Morogoro ujumbe huo ulifika umepinda. Mama mmoja muuza maandazi, aliyeingia kumtoa mwanawe kwa sikio, alisimama mlangoni akaangalia yule tajiri wa Kimarekani akipasua kuni, kisha akabeba gogo, kisha akapanda mlima. Akauliza kwa sauti: "Na huyu naye wanamlipa?" Banda lilikosa jibu. Kama kuni na mlima vinatosha kumtoa bingwa wa uzito wa juu, ule mkanda ungekuwa kwa bibi yangu, na angeutetea mpaka astaafu bila kupigwa hata mara moja.

Na ukidhani hiyo ndiyo kali, rudi nyuma hadi ya pili, ya 1979. Huko kocha Mickey anamletea Rocky kuku, anamwambia amkamate kwa mikono mitupu uchochoroni, apate wepesi wa miguu. Rocky anahangaika, anainama, anakosa, kuku anapita katikati ya miguu. Banda zima lilicheka, na si kicheko cha kufurahia kichekesho. Kilikuwa cha dharau. Kila mtoto mle ndani alishawahi kuambiwa, mgeni akiwa bado anavua viatu, "nenda ukamkamate yule jogoo mwekundu, na mgeni asikuone." Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo ngumu, na Mickey hakumwekea Rocky sharti hilo. Kwetu jogoo wa aina hiyo aliwahi kukimbilia kwa jirani, akaingia jikoni, akatulia kabisa, na jirani akasema huyu mbona wetu siku zote. Kesi ikaanza, balozi akaitwa. Mgeni alikula dagaa, akawasifu, akaondoka kabla hukumu haijatoka.

Ya tatu, ya 1982, siipingi. Mr. T anatisha, Mickey anakufa, Apollo anamfundisha Rocky kucheza ngumi upya, na wimbo wake bado unapigwa kwenye kila jimu yenye spika. Ila ndiyo filamu iliyouachia mji wa Philadelphia sanamu ya shaba ya bondia ambaye hajawahi kuzaliwa. Ilitengenezwa kwa ajili ya kamera, ikasimamishwa kwenye ngazi za jumba la sanaa, ikahamishwa, ikagombaniwa, na mwaka 2006 ikawekwa chini ya ngazi hizo, watu wakapanga foleni kupiga nayo picha. Joe Frazier, bingwa wa kweli wa mji huohuo, mtu aliyefanya kazi machinjioni na kupiga nyama ngumi kabla Rocky hajatungwa, alifariki 2011 na akapata sanamu yake 2015. Kwenye filamu ya kwanza Frazier anaonekana sekunde chache, anapanda ulingoni, anasalimia, anashuka. Kila nikifika hapo huwa nasimamisha picha, wanangu wakalalamika.

Ya tano, ya 1990, naipita haraka kama mtu anavyopita mbele ya duka analodaiwa. Ya sita ina heshima yake. Mzee kafiwa na mkewe, ana mgahawa, anarudi ulingoni na umri wake wote. Creed ya Ryan Coogler ni filamu nzuri hasa, na ningeisifu zaidi kama yule kijana wa saluni asingeisifu kwa mdomo ule.

Sasa turudi kwenye ya kwanza, ambayo naipenda kwa sababu hakuna kinachokwenda sawa ndani yake.

Hata mbegu yake ni ajali. Muhammad Ali alikuwa ametoka kumwangusha Foreman kule Kinshasa mwezi Oktoba 1974, na kwa pambano lililofuata, Machi 1975, akapewa mtu wa kujipumzishia: Chuck Wepner, muuzaji wa pombe kutoka New Jersey aliyesifika zaidi kwa kuvuja damu kuliko kwa kushinda. Raundi ya tisa Ali akaenda chini. Ali mwenyewe alisema alikanyagwa mguu. Wepner akaendelea kusimama mpaka raundi ya 15, akasimamishwa sekunde chache kabla ya kengele ya mwisho. Stallone, mwigizaji asiyejulikana, aliliona pambano hilo, akaandika hadithi yake kwa siku chache. Alikuwa na njaa ya kweli: amesimulia kwamba alimuuza mbwa wake, Butkus, kwa kushindwa kumlisha, na mambo yalipokaa vizuri akamnunua tena kwa bei ya juu zaidi. Mbwa yumo kwenye filamu.

Filamu ilipigwa picha kwa siku 28, kwa fedha inayokaribia dola milioni moja, na umaskini huo unaonekana kila kona, na kila unapoonekana filamu inanoga. Joho la kupandia ulingoni lilikuja kubwa kuliko mwili wake. Fedha ya kushona lingine haikuwepo, kwa hiyo Stallone akaandika maneno ya Rocky kulalamika kwamba joho linapwaya. Bango kubwa ukumbini lilichorwa bukta ya rangi isiyo yake. Likaachwa, na Rocky akaandikiwa mstari wa kulisemea. Tena mgongoni mwa joho hilo shemeji yake Paulie keshauza nafasi ya tangazo kwa kampuni ya nyama. Nani hana shemeji wa namna hiyo? Halafu uwanja wa kuteleza kwenye barafu: ulitakiwa ujae watu, lakini watu wanalipwa. Basi Rocky anampeleka Adrian, dada yake Paulie, wakati uwanja umefungwa, anamlipa mlinzi apewe dakika kumi, Adrian anateleza, yeye anakimbia pembeni na viatu vyake, na mlinzi anawapigia kelele za dakika zilizobaki. Nimeona filamu nyingi za mapenzi zenye maua na violini. Hakuna hata moja iliyonishinda kwa namna ile.

Na mtu mwenyewe? Kazi yake ni kukusanya madeni ya mkopeshaji wa mtaani. Anatumwa kumvunja mtu kidole gumba, hamvunji, na anarudi kugombezwa. Kabati lake pale jimu limepewa bondia mwingine, vitu vyake vimening'inizwa kwenye mfuko. Mara ya kwanza anapokimbia zile ngazi 72 za jumba la sanaa anafika juu ameshika mbavu. Mtu huyu namfahamu, anakaa mtaani kwetu, na nadhani ananidai.

Halafu kuna mayai. Saa kumi alfajiri Rocky anavunja mayai mabichi matano kwenye glasi, anayanywa yote, anatoka kukimbia. Binamu yangu, aliyekuwa na ndoto na hakuwa na mayai, aliyachukua chini ya tetea wa bibi. Hakuuliza yule tetea amekaa pale tangu lini. La kwanza lilishuka, la pili likashuka kwa shida, la tatu lilikuwa limeshaamua kuwa kuku. Kelele alizopiga ziliamsha nyumba, bibi akatoka na mwiko, akaona kiota kitupu, na ndipo binamu akafanya mazoezi ya mbio ambayo Mickey asingeweza kumpa. Bibi alikuwa amepiga hesabu ya kila kifaranga. Aliendelea kumdai binamu vifaranga hao hata siku ya harusi yake, mbele ya wakwe.

Lakini yote haya niliyajua baadaye. Ya kwanza nilianza kuipenda kwa sababu nyingine, na hiyo ndiyo sikuweza kumweleza kinyozi.

Mikanda bandani kwetu ilifika kwa mpangilio wake yenyewe: ya nne kwanza, kisha ya tatu, na ya kwanza ikaja ikiwa imechoka, picha inaruka. Kasoro ya mpangilio huo ilionekana mapema. Apollo, ambaye tulikwishamzika, alitokea kwenye kioo akiwa hai, mwenye afya, tena yeye ndiye adui. Banda likavurugika. Mtafsiri wetu, aliyekuwa na kipaza sauti na hakuwa na Kiingereza kingi, akatangaza bila kusita kwamba huyo ni pacha wake. Tukatulia.

Tukavumilia mapenzi, tukavumilia kobe wake wawili, tukavumilia mazungumzo ambayo mtafsiri aliyafupisha kwa kusema "wanaongea." Tulijua kanuni: stelingi hafi, stelingi hashindwi, na akipigwa mwanzoni ni ili hasira zimpande. Likaja pambano. Apollo akaenda chini raundi ya kwanza, watu wakasimama juu ya mabenchi. Wakapigana raundi zote 15. Kengele ikalia. Rocky jicho limefumba, anamwita Adrian, Adrian anapasua umati mpaka kofia inamtoka, Rocky anamuuliza kofia yake iko wapi, na huko nyuma matokeo yanasomwa na hata Rocky mwenyewe hayasikilizi.

Mtafsiri aliyasikia. Akatazama banda, akatazama deki, akatazama mabenchi yaliyokuwa mali ya mwajiri wake, akasema: "Suluhu!"

Ingepita. Lakini palikuwa na mwanafunzi mmoja wa sekondari, wa aina ile isiyoweza kunyamaza, akapaza sauti kwamba si suluhu, majaji wamegawanyika, Apollo ameshinda. Kilichofuata sikijui jina lake. Watu walidai kiingilio chao. Walisema wameonyeshwa mkanda mbovu, kwamba mwisho wa kweli umekatwa, kwamba pacha amehonga majaji. Mwenye banda akapita katikati yao taratibu, akasimama mbele ya televisheni, akanyoosha mkono juu ukiwa na mkanda mwingine.

"Wanaotaka kumwona stelingi akishinda," akasema, "namba mbili ninayo hapa. Kiingilio ni kilekile."

Walimtukana, wakalipa. Mimi sikuwa na kitu mfukoni, nikatolewa. Kile kicheko cha kuku nilichokisimulia nilikisikia nikiwa nje, nimeegemea magunia, na hadi nilipokuja kuiona mwenyewe ya pili nilikuwa nashangaa kuku anaingiaje kwenye ngumi. Walipotoka usiku, sauti zimewakauka kwa kushangilia, niliwaambia pale pale kwamba hata hivyo ya kwanza ni bora zaidi. Walikuwa wamelipa mara mbili, na hawakuwa na hamu kabisa ya kunisikiliza.