Nani Anachota Makaa?

Nilijua mambo yameharibika nilipofungua mlango saa mbili kasoro robo asubuhi, nimetoka zamu ya usiku wodini, nikakuta madirisha yote ya jikoni yako wazi. Mtu hafungui madirisha Manchester mwezi wa Februari kwa sababu anapenda hewa.

"Kumeungua nini?"

"Hakuna kitu, Mama Watoto. Ni harufu kidogo tu."

Harufu kidogo ilikuwa ya plastiki. Mezani, mahali pa sahani yangu, palikuwa na injini ndogo ya treni imevuliwa bodi, waya zimetoka nje kama utumbo wa kuku, na kando yake chupa yangu ya rangi ya kucha, ile nyekundu niliyokuwa nikiitunzia harusi ya binamu yangu. Kifuniko hakipo. Brashi imekauka.

Kisa chenyewe kilianza na simu kutoka Voi. Baba yangu, mstaafu wa reli, alikuwa amepata viza na anakuja kutukalia wiki sita. Alianza kazi kijana mdogo, faiyamani, mtunza moto, kwenye zile injini kubwa za mvuke za Garratt, daraja la 59, na hadithi zake zote, hata za posa yangu, huanza na treni kupanda mlima. Nyumba yetu nayo iko Gorton, hapa Manchester. Injini hizo za daraja la 59, zote 34, zilitengenezwa hapa hapa Gorton, katika kiwanda cha Beyer, Peacock, kikazipeleka Mombasa kwa meli mwaka 1955 na 1956. Kiwanda kilifungwa 1966 na kwa sasa mtu hupita pale bila kujua. Mume wangu aliona huu ni mpango wa Mungu. Yeye ana reli yake ndogo chumba cha darini, reli ya upana wa milimita 16.5, na akaapa kwamba Mzee atakapofika ataisikia 59 ikinguruma ndani ya nyumba.

Tatizo ni kwamba injini aliyokuwa nayo haikuwa 59. Ilikuwa mfano wa Garratt ya Waingereza wenyewe, zile 33 za kampuni ya reli ya LMS zilizovuta makaa kuja London. Akaipaka rangi ya damu ya mzee kama za kwetu, akaandika ubavuni 5918 Mount Gelai kwa brashi ya nywele tatu. Kwa mbali, ukiwa huna miwani, inakubalika.

Ila sauti ndiyo iliyotumaliza.

Nimeishi na mambo haya hadi nimeyajua bila kupenda. Katika mfumo wa kidijitali umeme uko relini wakati wote, na amri zinasafiri ndani ya umeme huohuo. Kila injini ina dekoda, kibati chembamba chenye ukubwa wa stempu, ambacho husikiliza namba yake na kupuuza za wengine. Dekoda ya sauti imebeba pia milio iliyorekodiwa: moshi, filimbi, breki, pampu. Waya mwekundu na mweusi huenda relini. Wa machungwa na wa kijivu huenda kwenye mota. Sharti moja: mota isiguse kabisa chuma cha fremu kinachopitisha umeme wa reli. Ikigusa, dekoda hufa papo hapo.

Yeye aliona mahali mota inakaribia fremu, akatafuta kitu cha kuziba. Utepe maalumu ulikuwa umeisha na maduka yamefungwa. Akapanda bafuni. Rangi ya kucha, nikubali ukweli, huzuia umeme vizuri ikikauka. Ikikauka. Bwana huyu alingoja dakika nne.

"Dekoda ilikuwa bei gani?"

Akajibu kwa sauti ambayo watoto hujibia wakiulizwa nani amevunja glasi. Ilikuwa zaidi ya pauni 100. Nikaenda kulala bila kusema neno, na nadhani hilo lilimuuma kuliko ningesema.

Dekoda ya pili ilikuja kwa posta, na safari hii mota ilikwenda salama. Lakini sauti ikatoka kama mbu ndani ya chandarua. Kumbe spika ndogo isipofungwa ndani ya kisanduku, mawimbi ya mbele na ya nyuma hukutana na kuuana, hivyo mngurumo wote mzito unapotea. Akakata plastiki, akaunda kisanduku cha kuingia ndani ya tangi la maji, akaziba viungo kwa gundi yangu ya kope. Sikuuliza. Hiyo sasa ilinguruma, na vikombe kwenye kabati vikajibu.

Siku ya majaribio alihamishia reli jikoni ili mimi nione nikiwa napika. Kijana wetu naye akaweka injini yake ya dizeli kwenye reli hiyohiyo, upande wa pili. Dekoda mpya hutoka kiwandani zikiwa na namba 3, zote, na ndiyo sababu jambo la kwanza ni kubadilisha namba. Jambo la kwanza kwa mume wangu ni kupiga filimbi. Alipofungua mwendo, Garratt ikaondoka, na dizeli ya kijana, nayo bado ni namba 3, ikatii amri hiyohiyo, ikaja mbio kutoka nyuma ya birika. Hakuna aliyekuwa ameweka kizuizi mwisho wa meza. Niliiopoa kwenye sufuria ya mbaazi kwa mwiko. Mbaazi za nazi. Watoto walikula, mimi sikuweza.

Baba alifika siku ya Alhamisi. Akala, akasali, akalala saa kumi na moja. Ijumaa baada ya chai mume wangu akamwalika mezani kwa heshima zote, akamvutia kiti, akafunua kitambaa. Baba akainama, mikono nyuma, akaangalia muda mrefu.

"Mkwe, magurudumu kumi na mawili yako wapi?"

"Mzee?"

"Hii ina kumi na sita. 59 ina ishirini na nane. Na bomba la moshi mbona duara? Letu lilikuwa bapa, yule Giesl wa Austria alilibana hivi." Akaonyesha kwa viganja viwili.

Mume wangu akameza mate, akabonyeza kitufe cha sauti. Injini ikaanza kupumua. Pampu ikagonga. Nilimwona Baba akinyooka mgongo, na kwa sekunde mbili nilifikiri tumeshinda. Halafu mume wangu, kwa furaha, akabonyeza kitufe kingine, ikatoka sauti ya koleo: krrsh, krrsh.

"Nani huyo?"

"Faiyamani, Mzee. Anachota makaa."

"Faiyamani ni mimi," Baba akasema, "na mimi sijachota makaa hata siku moja. 59 zilikuwa za mafuta."

Kimya kikatanda jikoni, isipokuwa koleo, krrsh, krrsh, kwa sababu yule bwana alikuwa amesahau kitufe cha kulizima.

Ndipo Baba akaketi, na mkutano ukaendelea hadi adhuhuri. Kazi yake, alisema, ilikuwa vali ya mafuta mkononi na jicho kwenye moshi: mweusi, unapoteza mafuta, ukikosekana kabisa, unapoteza joto. Garratt ina mashine mbili zinazolishwa na boila moja na hazikufungwa pamoja, kwa hiyo pumzi zao hukutana, zikaenda sawa kitambo, halafu zikaachana tena. "Kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja," alisema, akagonga meza kwa ngumi zake mbili: pu-pu, pu-pu, hadi zikapishana. Mtu anayeisikiliza usiku Mtito Andei anajua kama ni 59 kabla hajaiona taa. Hii yetu ilipiga moja kwa moja kama cherehani.

Na ilianza kama bodaboda. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. "Umefunga mzigo wa zaidi ya tani 1,000, unatoka Mombasa usawa wa bahari, Nairobi iko juu mita 1,700 hivi, halafu unaruka tu?" Ukipanda, moshi hupiga kwa nguvu na mwendo ni wa konokono. Ukiteremka, dereva anafunga mvuke, injini inanyamaza na kuteleza, unasikia vyuma tu. Sauti haifuati mwendo, inafuata mzigo.

Mume wangu, ambaye mimi nikimweleza jambo hulisikia wiki ya tatu, alikuwa anaandika. Dekoda ina vijisanduku vya kumbukumbu vinavyoitwa CV, kila kimoja kinabeba namba kutoka 0 hadi 255. CV 3 ni muda wa kushika mwendo, CV 4 ni wa kusimama. Dekoda pia hupima umeme ambao mota yenyewe huuzalisha ikizunguka, ikatambua mzigo ukizidi, na sauti ikapandishwa. Basi wakaanza. Baba anafumba macho: "Bado nyepesi." Mume wangu anaongeza CV 3. "Bado." Anaongeza. Vitabu vyangu vya uuguzi vikawekwa chini ya reli viwe mlima wa Mazeras. Mabehewa yakajazwa mchele. Kila namba iliyokubaliwa Baba aliiandika kwenye kidaftari chake cha mfukoni kwa mwandiko wa reli, tarehe na saa pembeni. Koleo likanyamazishwa kwa namba pia. Alitaka lithibitishwe mara mbili.

Mume wangu alicheka hicho kidaftari kwa siri. Jumatano iliyofuata, usiku, alitaka kurekebisha kitu kidogo tu, akaingiza 8 kwenye CV 8. Kwenye dekoda hiyo, kama kwenye nyingi, maana yake ni futa yote, rudi kiwandani. Nilipokuja asubuhi nilimkuta ameketi gizani. Namba imerudi 3. Injini inaruka kama bodaboda. Na kutoka tumboni mwake, krrsh, krrsh.

Baba alishuka ngazi na kanzu yake ya kulalia, akasikiliza, akarudi juu bila salamu. Akaja na kidaftari na miwani. Hakumlaumu. Alisoma namba moja moja, polepole, kama anayepokeza zamu, na mkwe wake akazijibu moja moja.

Nilikaa na chai yangu nikiwatazama. Garratt ilikaa sekunde kadhaa ikipumua kabla haijasogea, halafu ikaanza kuupanda mlima wa vitabu, nzito, ikipiga kwa shida. Baba amefumba macho. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya kopo la sukari, na kila injini ilipozidiwa aligeuza kifuniko kidogo, robo ya inchi, akakirudisha.

Nikawaacha wapande. Ilipofika juu ndipo nilimwambia Baba Watoto kwamba harusi ni Jumamosi na bado nadai rangi yangu ya kucha.