Hundi Ambayo Hatukuipokea

Usiku wa Jumatatu, tarehe 14 Machi 2022, nyumbani kwetu Ngamiani hakuna aliyewahi kulala. Magodoro yalisimamishwa ukutani, kabati la vyombo likavutwa kutoka pale lilipokaa tangu tuhamie, na sanduku la bati la mama mkwe wangu, ambalo ufunguo wake hautoki shingoni mwake, akalifungua mwenyewe mbele ya wote. "Tazameni," alisema, "nisije nikasingiziwa uzeeni." Tulikuwa tunatafuta hundi ya shilingi 2,100,000.

Fedha hiyo ilikuwa ya jasho langu. Mimi ni fundi cherehani. Mwezi Januari kampuni moja ya hapa Tanga ilinipa oda ya sare 60 za walinzi, shati na suruali, kila sare shilingi 35,000. Kitambaa cha kaki nilikikopa dukani kwa majora, na hela ya vifungo, zipu na uzi nikaikopa kwenye kikoba. Nilikabidhi mzigo tarehe 4 Februari. Walihesabu nguo moja moja, wakanisainia hati ya kupokea, wakaniambia nitalipwa baada ya siku 21.

Kwa kuwa fundi akiacha cherehani ameacha chakula, kuulizia malipo nilimtuma mdogo wangu, kijana wa miaka 19 niliyekuwa naishi naye tangu mama yetu alipofariki. Alikwenda mara tatu, na kila mara alirudi na jibu lile lile: hundi inasubiri saini ya bosi. Siku hiyo ya Jumatatu nikafunga safari mwenyewe. Mhasibu alitazama kompyuta yake, akasema, "Mama, hundi yako ilitoka tarehe 25 Februari. Kijana wako alishaichukua." Nikamwambia hakuniletea kitu. Akajibu, "Basi itakuwa imepotelea huko huko kwenu."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo kama yalivyo, nikayamwaga sebuleni.

Mume wangu hakupiga kelele. Alimtazama kijana miguuni, akamuuliza, "Shemeji, viatu hivyo ulinunua lini?" Akajibu alivinunua wiki iliyopita, kwa hela ya kupakua malori sokoni Mgandini. "Na tarehe 25 ulikwenda ofisini au hukwenda?" Akasema alikwenda, wakamwambia arudi. Mama mkwe akavuta pumzi, akasema ulimwengu umeharibika. Mdogo wangu akanigeukia: "Dada, na wewe unaamini?"

Sikumjibu. Niliuchukua mkoba wake, nikaumimina juu ya mkeka. Vilitoka soksi jozi mbili, chaja ya simu iliyofungwa utepe, daftari la chuo cha ufundi, wembe, na picha ya marehemu mama yetu ndani ya mfuko wa nailoni ili isipate unyevu. Hundi haikuwemo. Hakuna aliyenilazimisha kuushika mkoba ule. Niliushika kwa mkono wangu mwenyewe, mimi niliyemlea. Alivirudisha vitu vyake kimoja kimoja, na alfajiri akapanda daladala ya kwanza kwenda Muheza kwa mama mdogo.

Kesho yake nilikwenda benki. Nilikuwa na kivuli cha hundi ya kampuni hiyo hiyo, ya oda ya mwaka uliotangulia. Dada wa kaunta alikiweka mezani, akanionyesha kwa ncha ya kalamu mistari miwili iliyolala kwa mshazari kwenye kona, na maneno madogo katikati yake. Sikuwahi kuitilia maanani mistari ile. Hundi ya namna hiyo, alinieleza, hailipwi fedha taslimu dirishani. Inaingizwa kwenye akaunti ya aliyeandikwa jina tu. Nikamuuliza, je, kijana akija nayo? "Hata angekuja nayo na kitambulisho chake, mama, tungemrudisha. Jina ni lako, na akaunti ni yako."

Niliketi kwenye benchi la benki mpaka namba nyingine kumi zikaitwa. Jibu hilo lilikuwepo siku zote, hatua chache kutoka dukani ninaponunulia uzi, nami nilikuwa nimetanguliza mkoba wa mtoto.

Niliomba waniambie kama hundi imeshalipwa. Akasema hawezi, kwa kuwa akaunti inayotoa fedha ni ya kampuni, na benki haimfungulii mtu hesabu za mwingine. Kampuni yenyewe ndiyo yenye uwezo wa kuomba taarifa ya akaunti yake, na ndiyo pekee inayoweza kuandika barua ya kuzuia malipo. Kwa hiyo nikarudi kwa mhasibu. Safari hii aliniambia niende polisi nikachukue ripoti ya kupotelewa, halafu kwa wakili nikaape kiapo kwamba nimepoteza hundi. Nikileta vyote viwili, wataangalia.

Ningevileta. Nilishaulizia na bei ya wakili. Kilichoniokoa ni kupita kwa baba mdogo, ambaye alikuwa karani wa hesabu kwenye shamba la mkonge kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akauliza swali moja: "Mwanangu, wewe hundi hiyo uliishika?"

"Sikuishika, baba."

"Basi unakwenda kuapa umepoteza nini?"

Alinifafanulia polepole, nami nayaandika hapa kwa sababu wapo wengi wanaosainishwa viapo vya namna hiyo. Hundi si fedha. Ni agizo la mtu kwa benki yake kwamba mlipe fulani. Mpaka benki itoe fedha hizo, deni liko pale pale. Sheria ya hundi ambayo Waingereza waliiandika mwaka 1882, ambayo mkoloni alituletea na ambayo mabenki yetu bado yanafuata misingi yake, inasema hata aliyeipoteza hundi mkononi mwake mwenyewe anaweza kumwendea aliyemwandikia, aandikiwe nyingine ya kiasi kile kile. Mwandikaji naye anaweza kutaka dhamana kwamba ya kwanza ikionekana hatalipishwa mara mbili. "Kama aliyeipoteza ana haki hiyo," alisema baba mdogo, "sembuse wewe ambaye hata hukuigusa?" Ukiapa umepoteza, umekiri kwamba ulipokea.

Neno lenyewe, aliniambia, lilivuka bahari na wafanyabiashara wa Kihindi. Wao walikuwa wakipelekeana hundi za karatasi kabla benki hizi hazijafunguliwa huku, na iliyopotea njiani iliandikwa upya, kwa sababu biashara ilisimama juu ya deni.

Tukaandika barua ya ukurasa mmoja, tarehe 28 Machi. Niliomba mambo matatu: wanionyeshe kitabu cha dispachi chenye saini ya aliyepokea, waangalie benki kama hundi hiyo imelipwa na, kama haijalipwa, waizuie, kisha waniandikie nyingine, nami nitatia saini ahadi ya kuirudisha ya zamani ikinifikia. Baba mdogo alikazia kwamba nisiiache barua mapokezi bila kugongewa muhuri wa IMEPOKELEWA kwenye nakala yangu. Tangu siku hiyo walianza kunipigia simu wao.

Kitabu cha dispachi nilikiona wiki ya kwanza ya Ramadhani. Ni kaunta buku jeusi, kingo zimelika, safu zimechorwa kwa rula: tarehe, namba ya hundi, jina, saini. Mstari wenye jina langu ulikuwa na saini kubwa ya mviringo iliyoanzia juu yake, kwenye mstari wa hundi nyingine, na mkia wake ukateremka mpaka kwenye wangu. Mtu mmoja alichukua hundi moja, kalamu yake ikafunika mistari miwili. Mdogo wangu hana saini ya mviringo. Yeye huandika jina lake lote, herufi moja moja, kama alivyofundishwa shule ya msingi.

Nilimwonyesha mhasibu. Aliutazama mstari ule kwa muda mrefu, akafunga kitabu.

Hundi ilionekana baada ya siku nane. Walipolinganisha vitabu vyao na taarifa ya benki, ya kwangu ikaonekana imeandikwa lakini haijawasilishwa popote. Wakafungua majalada. Ilikuwa imebanwa kwa pini nyuma ya vocha ya malipo ya mtu mwingine, safi, haijakunjwa hata mara moja. Kwa kuwa walikuwa wameshaizuia, waliiandika BATILI mbele yangu, wakanipa mpya. Niliiingiza benki siku hiyo hiyo.

Ilikuwa imebaki wiki mbili na siku chache kabla ya Idi. Wateja wangu wa magauni ya sikukuu walishapeleka vitambaa kwa mafundi wengine, maana mimi sikuwa na mtaji hata wa bitana, na faini za kikoba zilikuwa zimelimbikizana. Hasara hiyo hakuna aliyenilipa. Niliwaandikia kuidai, na hadi leo sijajibiwa.

Siku ya Idi tulikwenda Muheza, mume wangu, mama mkwe na mimi. Mume wangu ndiye aliyetangulia kuingia. Alimwambia, "Shemeji, nilikukosea mbele ya watu, na nimekuja kukuomba radhi mbele ya watu." Mama mkwe akamshika mkono hakusema neno. Mimi nilikuwa nimemshonea kanzu ya Idi, lakini nilipofika mbele yake maneno niliyoyapanga njia nzima hayakutoka. Nikamwambia tu kwamba nilipaswa kumjibu usiku ule.

Alisema ametusamehe, na kanzu akaivaa. Tulipomwambia chumba chake kipo, alishukuru. Anaishi Muheza mpaka sasa.